Mzee Mwenye Manyoya Sebuleni Kwako

Wadogo zangu, leo tunapamba nyumba. Mmoja wenu wa Mombasa ameniandikia kwa kirefu, nami namjibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi mna swali kama lake.

Ameolewa mwaka jana, wamepanga Tudor, ghorofa ya tatu. Ami yake bwana, anayeishi Nairobi, amewaletea zawadi ya arusi iliyochelewa: nakala kubwa ya mchoro wa zamani wa Joy Adamson, tayari imetiwa fremu nyeusi. Mchoroni yumo mwanamume mtu mzima, manyoya kichwani, shanga shingoni, uso umepakwa rangi. Bwana anautaka sebuleni, juu ya kochi kubwa. Mavyaa aliutazama mara moja tu akasema macho ya yule mtu yanamfuata. Mdogo wangu mwenyewe anaupenda, ila hajui autundike wapi, na wageni wakiuliza "huyu nani?" hana la kuwajibu.

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine yote. Kabla hujashika nyundo, jua huyo mtu ni wa wapi na alivalia shughuli gani.

Wengi wanamjua Joy Adamson kwa simba wake Elsa tu. Alizaliwa 1910 mjini Troppau, ambao siku hizi unaitwa Opava na uko Jamhuri ya Czech, akaja Kenya 1937. Alianza kwa kuchora maua na mimea. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi yao ya jadi, kwa kuwa mavazi yale yalikuwa yanaanza kupotea. Akazunguka nchi kwa miaka, akachora mamia ya watu. Michoro mingi iko Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, na kitabu chake juu ya watu wa Kenya kilitoka 1967. Kwa hiyo ami hakuokota kitu njiani. Amekuleteeni kumbukumbu yenye uzito, na ukienda Nairobi kumtembelea, pitia pale Museum Hill uione michoro yenyewe ana kwa ana. Rangi zake zitakushangaza ukizilinganisha na nakala.

Lakini nami nina neno langu hapo. Serikali iliyolipia kumbukumbu ya mavazi hayo ndiyo iliyokuwa ikitoza watu kodi ya kibanda na kuwaondoa kwenye ardhi zao. Na mtu anayechorwa hukaa akatulia, muda mrefu, amevaa alivyoombwa avae. Usidhani kila mzee katika michoro ile alitoka ngomani jasho likimtiririka akaketi mbele ya mchoraji. Wengine walitoa nguo sandukuni kwa ajili ya siku hiyo. Hilo haliuharibu mchoro machoni pangu. Linaongeza tu swali la kumuuliza yule mzee, na picha yenye swali haichoshi ukutani.

Sasa, vazi lenyewe. Vazi la sherehe lina kazi, na kazi yake mara nyingi ni kutangaza mtu amefikia wapi katika maisha. Chukua Wamaasai. Kijana aliyetoka kutahiriwa huvaa nguo nyeusi, hupaka rangi nyeupe usoni, na huvaa kichwani taji la ndege aliowawinda mwenyewe. Mgeni asiyejua huona urembo. Anayejua huona mvulana ambaye kidonda bado hakijapona vizuri na moyo ndio kwanza unazoea kuitwa mwanamume. Taji la manyoya ya shingo ya simba nalo lilikuwa la moran, yaani askari kijana, aliyemuua simba, halikuvaliwa na yeyote aliyelitamani. Wameru wana baraza lao la wazee, Njuri Ncheke, ambalo makao yake ni Nchiru, na anayevaa kama mzee wa Njuri anakwambia ana mamlaka ya kuamua kesi na kulisha kiapo mbele ya watu. Ukimtundika mtu wa namna hiyo jikoni juu ya friji, umemkosea adabu hata kama kwenu Meru hamna jamaa.

Kuna jingine ambalo wanandoa wapya hawalifikirii kabisa. Vazi la fahari si lazima liwe la furaha. Kwa Wajaluo, mwanamume mtu mzima anapofariki, huwapo tero buru: wanaume huvaa mavazi ya vita, manyoya ya mbuni kichwani, mkuki na ngao mkononi, wakaswaga ng'ombe na kukimbia kwa kelele ili kukifukuza kifo kisikae bomani. Ni tukio zuri mno kulitazama, na mchoraji yeyote angelitamani. Lakini ni matanga. Mimi nisingeona ubaya kuwa nalo nyumbani, maana linaonyesha watu wanaokataa kushindwa na msiba. Ila ningependa nijue kabla, wala nisiambiwe na mgeni wa Kisumu mbele ya sahani ya biriani.

Na wakati mwingine mambo huwa kinyume. Nguo ambayo leo tunaiita ya sherehe, jana ilikuwa ya kazi. Bibi zetu wa Kigiriama walivaa hando, ile sketi nyeupe ya vitambaa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, wakaenda nayo shambani na kisimani. Leo hando hutolewa siku ya ngoma na siku ya wageni wa serikali. Ukiona mwanamke wa Kigiriama katika mchoro wa zamani, usikimbilie kusema yuko arusini. Huenda alikuwa anaelekea kuchota maji.

Utajuaje basi? Mwulize ami, kwanza kabisa. Aliyenunua nakala aghalabu alipewa na maelezo. Geuza fremu utazame nyuma, wachapishaji hubandika karatasi huko. Maelezo ya michoro ya Adamson mara nyingi hutaja kabila na hadhi ya mtu kuliko jina lake, na hilo linaniuma kidogo, lakini ni pa kuanzia. Ukishalijua kabila, tafuta mtu wa huko aliyekula chumvi. Mpigie picha kwa simu, mtumie, kisha mwache azungumze. Utapata zaidi ya ulichouliza. Wazee wakiona shanga za aina fulani hukumbuka mambo mengi, na mengine hayafai kuandikwa gazetini.

Tuje kwa mavyaa, maana najua hapo ndipo roho yako inapodunda. Usimcheke wala usimwambie ni ushamba. Huku kwetu pwani nyumba nyingi za Waislamu hazitundiki picha za viumbe wenye roho, na zinazotundika huziepusha na chumba cha kuswalia. Huo ni msimamo wa dini kwake, wewe na bwana mna haki ya kuamua kwenu, lakini zungumzeni ninyi wawili kwanza, muwe na kauli moja kabla hajaja tena. Msiuweke upande wa kibla. Msiuweke chumba cha wageni ambamo yeye hulala akija kutoka Malindi. Akiingia aukute sebuleni, ausalimu kwa mbali aendelee na safari yake. Na kama bwana naye akiguswa na hilo la dini, usiugeuze kuwa vita vya ndoa. Mrudishieni ami kwa heshima, au mpelekeeni ofisini bwana, mambo yaishe.

Kwa nyumba ambazo hazitaki sura ya mtu kabisa, vazi lenyewe linatosha. Tia kwenye fremu kisutu cha arusi ya mama yako, ile leso ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo huku pwani imewafuata maharusi vizazi na vizazi. Au kofia ya kazi ya mkono ya babu, iliyotobolewa na kushonwa tundu moja moja na mtu ambaye macho yake sasa hayaoni sindano. Mwambie fundi fremu aache nafasi kati ya kioo na kitambaa, kisigusane, la sivyo unyevu utakigandisha hapo. Na asikigundishe kwa gundi! Akishone kwenye kitambaa kingine cha pamba kwa uzi mwembamba, mishono michache inatosha.

Haya, tuseme mmekubaliana, mzee anakaa. Wapi?

Juu ya kochi ni sawa, bwana hajakosea. Ila wengi hutundika juu mno, picha ikakaribia dari kama saa ya stesheni. Katikati ya picha iwe usawa wa macho ya mtu aliyesimama, yaani sentimita 145 hadi 150 hivi kutoka sakafuni, na chini ya fremu ibaki nafasi ya sentimita 15 hadi 20 mpaka mgongo wa kochi, ili anayeegemea asigonge kichwa. Kwa upana, fremu iliyofika theluthi mbili za kochi hukaa vizuri. Ikiwa ndogo kuliko hapo, usiizungushie vipicha vingine vidogo ili kujaza ukuta. Ihamishie ukuta mwembamba, kati ya milango miwili au mwisho wa korido, hapo itakuwa na haiba.

Mkinge na jua. Rangi, hasa za nakala zilizochapwa, hupauka, na nyekundu huwa ya kwanza kuondoka, halafu mzee wako anabaki wa kijivu na samawati kama mgonjwa. Ghorofa ya tatu Tudor, madirisha yanayotazama magharibi, jua la saa kumi linaingia mpaka ndani. Kaa sebuleni jioni moja uone mwanga unagusa ukuta upi, halafu chagua mwingine. Taa ya kumulikia si lazima, na ukitaka, weka ya LED, zile za zamani zinazochoma mkono zinachoma na karatasi.

Unyevu wa bahari ndio adui mkubwa zaidi. Wanaokaa nyumba za mawe za Mji wa Kale, Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar wanajua: ukuta wa matumbawe hutoa jasho na chumvi, chokaa inabanduka, na fremu iliyolala bapa ukutani huota kuvu mgongoni miezi mitatu haijaisha. Bandika vipande vidogo vya koki kwenye pembe za chini nyuma ya fremu ili hewa ipite. Usitundike ukuta unaopakana na bafu. Kila baada ya muda itoe, itazame nyuma, ipanguse kwa kitambaa kikavu. Ukisafisha kioo, lowesha kitambaa, usipulizie kioo dawa moja kwa moja, maana maji hushuka yakaingia chini ya fremu na karatasi inayanywa.

Mwulize fundi pia ametia nini ndani. Kati ya picha na kioo panatakiwa pawe na kadi ya kuzunguka picha, na nyuma yake ubao au kadi isiyo na asidi. Mafundi wengi hutia boksi la maziwa lililokatwa. Mwanzoni huoni tofauti, baadaye boksi linageuka hudhurungi na doa linahamia kwenye picha. Kadi nzuri inaongeza gharama kidogo. Lipa. Na kwa kuwa mmepanga, mwombeni mwenye nyumba ruhusa kabla ya kutoboa. Fremu kubwa yenye kioo ni nzito, haitaki msumari mmoja uliopigwa kwa kisigino cha kiatu. Tafuta mtu mwenye drili, atie skrubu mbili zilizoshikwa vizuri ukutani, fremu ining'inie kwenye zote mbili isiyumbe kila mlango ukifungwa.

Vitu vingine chumbani visishindane naye. Hapa nina ukali kidogo. Ukishatundika mchoro kama huo, usiuongezee mkuki, ngao, kinyago, kibuyu chenye shanga na twiga wa mbao. Utajikuta unaishi katika ukumbi wa mapokezi wa hoteli ya watalii, na wewe ndiye mpokeaji. Chagua rangi moja ndogo kutoka mchoroni, labda ile ya udongo mwekundu kwenye mashavu yake au ya shanga za buluu, uirudie kwenye mto mmoja wa kochi. Ukuta uwe mweupe usiong'aa au rangi ya maziwa. Basi. Wala usitafute picha inayolingana na pazia. Pazia ndilo litabadilishwa, mzee atabaki.

Kwa ninyi ambao hamkuletewa na ami na mnataka kununua, nina mawili ya kuwaambia.

La kwanza ni hili la kupakua picha mtandaoni na kuipeleka duka la uchapishaji wakutolee kwenye turubai. Naona wengi mnafanya. Joy Adamson aliuawa katika hifadhi ya Shaba, Januari 1980, na sheria ya hakimiliki ya Kenya huilinda kazi ya msanii hadi miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Maana yake michoro yake ina mwenyewe mpaka mwisho wa 2030. Nunua nakala halali, uliza risiti, na kama duka halijui nakala yao ilitoka wapi, wewe umeshajua.

La pili, ukitaka picha ya zamani ya mavazi ya heshima ya huku kwetu, na isiyo na mdai, iko moja ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1840, Sayyid Said wa Oman na Zanzibar alituma jahazi lake kubwa Al-Sultana mpaka New York, likiwa na tende, kahawa, karafuu, pembe za ndovu na ngozi, pamoja na zawadi za kumpa Rais Martin Van Buren wa Marekani, wakiwamo farasi wawili wa Kiarabu. Lilitia nanga 30 Aprili, na watu wa mji wakajazana gatini kuwatazama mabaharia. Mjumbe wa Sultani aliitwa Ahmad bin Na'aman. Rais hakuruhusiwa na sheria za nchi yake kuzipokea zile zawadi ziwe zake binafsi, ikawa mjadala hadi Bungeni, lakini baraza la jiji la New York lilimkirimu mgeni na likaagiza achorwe. Aliyemchora ni Edward Mooney. Mjumbe amekaa na kilemba na vazi la hadhi yake, mtu mzima, ametulia, amekuja kufanya biashara na watu wanaomshangaa, wala yeye hawashangai. Mooney alifariki 1887, kwa hiyo hakuna anayekudai haki ya mchoraji. Jumba la makumbusho la Peabody Essex, Salem, Massachusetts, linayo picha yake, na ni vyema ukaomba kwao nakala safi kuliko kuchapa kivuli kilichopigwa kutoka kitabuni.

Angalia tofauti, maana ndiyo sababu ya mimi kumtaja. Huyu tunamjua jina, tunajua alikuja na nini, alifika siku gani, nani alimtuma. Mgeni wako akiuliza, una hadithi ya kumalizia sinia zima la kahawa na haluwa. Kwa nyumba ya mtu wa pwani, au ya Mswahili aliyeko Maskati au Toronto anayetaka ukuta wake umseme, sioni picha bora.

Fremu yake? Najua kuna wenye fikra ya Irma Stern, mchoraji wa Afrika Kusini aliyekaa Zanzibar 1939 na tena 1945, ambaye michoro yake ya kule aliitia fremu za mbao zilizochongwa za milango ya zamani. Inapendeza sana, sikatai, na mmoja wa michoro hiyo, wa mzee wa Kiarabu, uliuzwa London 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Lakini Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000, na kila kipande cha mlango kinachoondoka ni nyumba iliyobaki na tundu. Mwambie seremala akuchongee mpya. Wapo wanaojua, na wanahitaji kazi.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Tudor, jibu langu ni hili: mpigie ami wiki hii, ulijue kabila la mzee na shughuli aliyovalia. Ikiwa ni jambo mnaloliridhia, mtundike sebuleni kwenye ukuta usiopigwa na jua la jioni, mavyaa akija mkaribishe akae kiti kisichomtazama. Andika ulichoambiwa kwa penseli kwenye kikaratasi, ukibandike nyuma ya fremu.

Na ninyi wengine mliosoma mpaka hapa, fanyeni hivyohivyo kwa picha zenu wenyewe. Kila nyumba ina sanduku lenye picha za bibi akiwa amevalia arusi, babu na joho la Idi, shangazi mdogo siku ya kutolewa nje. Zitoeni leo, mkae na aliyebaki anayewajua, mwandike majina nyuma kwa penseli: nani, wapi, shughuli gani, nguo ilikuwa ya nani. Msingoje msiba ndipo mwanze kuulizana.